Umenenepa, Chérie

— Gentille, vua hiyo sweta nikupime.

— Pima juu yake tu, tantine.

— Robe ya ndoa haipimwaka juu ya sweta.

Ernestine, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na shangazi yake bwana harusi, hakungoja ruhusa. Aliivuta sweta mwenyewe, kisha akaduwaa. Gauni lililokuwa ndani, alilolipunguza mara mbili, lilikuwa linapwaya tena. Gentille alijikumbatia kifua, pumzi zikamjia fupi fupi, jasho likamtoka. Kioo hakukitupia hata jicho.

Jioni ile shangazi alimpigia simu bwana harusi, Byamungu, anayeuza vitenge pale soko la Tsoka, Lilongwe.

— Mtoto wangu, huyu binti iko anaisha. Bantu banasema ni ule ugonjwa. Apimwe, ao arudishe pete.

Byamungu akamwandikia mchumba wake: "Uko mgonjwa? Niambie kweli."

Jibu likaja: "Sina ugonjwa. Tuache ndoa tu."

Tuache ndoa, na kanisani imeshatangazwa. Angelala nani hapo? Asubuhi alipanda minibasi, akamalizia na kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka mlangoni kwa Gentille. Alimkuta na sahani ya nsima, ugali wa Malawi, iliyopoa, haijaguswa.

— Iko mwanaume mwingine?

— Hapana.

— Basi juu ya nini?

Gentille alimsogezea simu. Ulikuwa ujumbe wa Byamungu mwenyewe, wa siku aliyomvisha pete: "Umenenepa, chérie."

— Njo hii? Si kwetu ni sifa?

— Najua ni sifa. Lakini uliirudilia mbele ya benzako, bakacheka. Tangu ile siku nikiona chakula, roho inapiga mbio. Kwa kioo naona muntu munene tu. Nasema utanioa, kisha utajuta.

Byamungu alitaka kucheka. Akaiona mifupa ya shingo yake, kicheko kikamkauka. Akakaa sakafuni.

— Mwaka ule mulifika hapa kutoka Uvira, ulikuwa mifupa mitupu. Nilikuona kwa foleni ya maji, nikasema huyu hamalizi mwezi. Mi niliacha dada yangu kwa njia, njaa ilimumaliza. Kwangu ile neno ni kusema we hautanikufia.

Gentille alilia mpaka kamasi.

— Juu ya nini haukusema vile?

— Niliona haya. Na bale benzangu, nilipaswa kubanyamazisha. Unisamehe.

— Nimekusamehe. Lakini woga iko bado. Haiishake na maneno.

— Basi tutaenda wote kwa munganga wa hospitali. Ndoa itangoja.

Walikwenda Lilongwe. Muuguzi aliwaambia huo ni ugonjwa wa hofu, unatibika, ila polepole. Shangazi alinuna, wanakwaya wa kanisani wakanong'ona weee. Siku nyingine Gentille alikula, siku nyingine alishindwa akalia. Byamungu alikaa naye mezani hivyo hivyo, hakumlazimisha, na wala hakumruhusu mtu kumcheka.

Ikapita miezi. Siku moja Gentille aliingia kwa shangazi bila kuitwa, akavua sweta mwenyewe. Akavaa gauni.

Shangazi aliinamisha macho. Aliogopa kulisema lile neno.

— Inakubana kwa mbavu, binti yangu. Nifanye namna gani?

Moyo wa Gentille ulianza kwenda mbio, kama kawaida yake. Akageuka, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

— Fungua mshono, tantine.