Mwombaji wa Tatu

Saa nne ya asubuhi jua lilikuwa tayari linachoma soko la Makiso. Malika alipita kati ya wauza samaki wa moshi na vijana waliokuwa wakipiga kelele za bei ya viatu, bodi moja ya umeme ikiwa mkononi mwake, ameifunga kwenye leso kama yai. Alivaa liputa, kitenge cha wax ya kijani chenye ndege wa njano, mtandio mweupe kichwani, na viatu vya ngozi ambavyo matope ya mvua ya jana yalikuwa yameshaviharibu. Mwendesha toleka mmoja, baiskeli yake ya teksi imebeba abiria na mkungu wa ndizi juu, akampitia karibu mno. Malika akaruka pembeni, akagonga meza ya fundi wa simu, na kopo la skrubu likamwagika lote chini.

"Pardon! Pardon, nitaokota."

"Acha, mama. Ukikanyaga moja tu, simu ya mutu itabaki wazi." Fundi alikuwa tayari amepiga magoti. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la bluu limefuliwa mpaka limepauka, vidole vyembamba vikiokota skrubu moja moja bila haraka. Aliponyanyua uso aliiona ile bodi. "Na huyu mugonjwa?"

"Haipokei tena waya ya ordinateur." Akagusa tundu la waya wa kompyuta. "Nimezunguka mafundi watatu."

"Mimi ni wa ine, basi. Kaa hapa."

Malika alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mhandisi wa kampuni ndogo ya mjini pale, iliyotengeneza visanduku vya kuchunga baridi ya frigo za chanjo katika vituo vya afya vya mbali kando ya mto. Kazi yake ilikuwa kuandika programu inayokaa ndani ya kisanduku chenyewe. Bodi aliyoileta ilikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa. Ilikuwa na kosa la zamani, naye alilihifadhi makusudi ili siku moja awapime nalo watakaoomba kazi.

Fundi alichomelea mdomo wa waya kwa risasi mara mbili, akapuliza, akaiwasha. Badala ya kuirudisha, aliendelea kutazama taa yake ndogo iliyokuwa ikiwaka na kuzima kila sekunde. Mara kwa mara alitupia jicho saa ya mkononi, na baada ya dakika nne hivi taa ikaanza upya.

"Imepona?" Malika aliuliza.

"Waya imepona. Lakini hii carte iko na ugonjwa ingine ndani. Inahesabu sekonde, si ndiyo? Ikifika mia mbili makumi tano na tano, inarudi sufuri, inasahau yote. Mwenye aliandika programu alipatia hesabu chumba kidogo sana."

Malika aliinamia bodi. Kosa lile yeye mwenyewe alilitafuta siku mbili nzima, akiwa na vitabu na mashine. Huyu amelipata sokoni, kwa saa ya mkononi, muuza samaki akimpigia kelele sikioni.

"Mwenye aliandika programu ni mimi," alisema.

Fundi alishtuka, kisha akacheka mpaka akafunika uso. "Alors nimekwisha! Mama ingénieur, unihurumie. Naitwa Idrissa."

Jioni ile simu ya Malika ikalia; namba alikuwa amemwachia fundi pale mezani.

"Mugonjwa wetu amelala muzuri?"

"Wetu? Tangu lini ikakuwa yetu?"

"Tangu nilimuguza moyo."

"Ulimuguza mudomo, Idrissa. Moyo hauyaufikia."

"Bon. Nitafika polepole. Sina haraka, chérie."

"Chérie ni nani?"

"Niliongea na carte."

Malika alicheka peke yake chumbani hadi mama yake akauliza kuna nini.

Wakaanza kuonana. Walikula liboke kwa mama mmoja karibu na bandari, samaki wakichomwa ndani ya majani yanayonukia, wakabishana kuhusu nyaya na betri kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Idrissa alikuwa amesoma ufundi miaka miwili, akaacha baba yake alipofariki. Mengine yote alijisomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Akikutana na jambo asilolijua, alisema wazi, "Hii sijue," na kesho yake alikuwa analijua. Malika alikuwa ameishi na wasomi wengi Kinshasa. Hakuwahi kumwona mmoja anayetamka neno lile bila aibu.

Mwezi wa tatu wa urafiki wao, kampuni ikatangaza nafasi moja ya mhandisi wa pili. Hugues, katibu wa ofisi, akaleta orodha ya waombaji sita. Jina la tatu lilikuwa la Idrissa.

Malika alimpigia palepale. "Kwa nini haukuniambia?"

"Nilitaka kuingia na mulango, kama watu wote. Si na dirisha yako."

Malika alikata simu. Alipanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, papa Évariste, mzee mnene, shati lake limepigwa pasi hadi kola inasimama.

"Papa directeur, mwombaji wa tatu ni mutu wangu."

"Mutu wako namna gani?"

"Wa moyo."

Papa Évariste alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mwenye anajua hii kazi ni weye peke yako. Kama utaweza kusema ukweli juu yake, kaa kwenye meza. Kama hautaweza, niambie sasa."

"Nitaweza."

"Bon. Basi kisha usikuye kunililia."

Siku ya usaili, chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa kilijaa harufu ya manukato na jasho la hofu. Mwombaji wa kwanza alijisifu nusu saa nzima. Wa pili alitetemeka hadi akamwaga maji. Idrissa aliingia na shati jeupe, suruali yenye mkunjo mkali kama kisu, akasalimia, "Bonjour papa, bonjour mama ingénieur," kana kwamba hajawahi kumwita Malika jina lingine.

Papa Évariste akaweka mezani bodi ileile ya soko. Malika akafungua kinywa kusema, lakini Idrissa akamtangulia.

"Papa, hii carte nilishaiona. Nilitengeneza waya yake, na kosa yake niko naijua. Munipatie ingine, juu ya haki ya wenzangu."

Papa Évariste aliweka kiganja juu ya bodi. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi. Na huyu mama."

Malika aliinamia karatasi zake, akajifanya anaandika. Herufi hazikuonekana.

Wakaiondoa ile bodi kwa waombaji wote. Malika akauliza swali alilowauliza wengine: kisanduku kiko kituo cha mbali, siku mbili kwa mtumbwi, na kimeacha kutuma ujumbe, utafanyaje?

"Mbele ya kupanda pirogue, nitapigia simu infirmier, mwenye anachunga wagonjwa kule," Idrissa alisema. "Nitamuuliza anaona taa gani, na nini ilibadilika wiki ile. Yeye analala karibu na ile kitu. Mimi niko mbali, donc anajua mingi kunipita."

Papa Évariste akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mwisho kila mwombaji alipewa muda wa saa tatu kuandika programu ya kuhifadhi kipimo cha baridi kila dakika. Walipokwisha kuondoka, Malika aliwasha kila kazi, akaiacha iende, kisha akachomoa waya ghafla katikati, kwa sababu huko vituoni umeme hukatika bila kuaga. Akarudisha waya, akasoma kilichobaki.

Kazi ya Idrissa ilikuwa safi na fupi, ya kupendeza macho. Baada ya waya kuchomolewa, vipimo vyote vilikuwa vimepotea. Kazi ya Colette, mwalimu wa fizikia aliyezungumza kwa sauti ndogo katika usaili hadi akaombwa arudie, ilipoteza kipimo kimoja tu.

Alirudia jaribio mara nne, akitumaini. Mara nne jibu likawa lilelile.

"Mimi ningechukua yule kijana," alisema papa Évariste. "Mutu wa ukweli namna ile tutamupata wapi?"

Malika alimsogezea karatasi ya matokeo. "Ni mutu wa ukweli, papa. Lakini kazi muzuri ni ya Colette."

Akaandika jina lile.

Ijumaa barua zikatoka. Malika alipanga kumweleza Idrissa uso kwa uso jioni, lakini Hugues alikutana naye mapema zaidi barabarani. Hugues alipenda kuonekana anajua. "Ni ile carte, ndugu yangu. Walisema uliiona mbele. Na mwenye alikukataa ni mama Malika."

Ujumbe mmoja ukafika kwenye simu ya Malika: *Merci kwa yote.* Alipiga mara saba. Haikushikwa. Siku ya nne akaenda sokoni. Meza ilikuwa imefunikwa gunia. Augustine, mama aliyeuza pondu ya majani ya muhogo pembeni, alimpima kwa macho toka mtandio hadi viatu.

"Ni weye ulimuharibia roho? Iko kwake Kabondo. Hakule tangu juzi."

Malika akarudi ofisini, akaomba ruhusa kwa papa Évariste, akachukua bodi yenye kazi ya Idrissa na kompyuta yake, akapanda pikipiki.

Alimkuta kwenye baraza ya nyumba ya vyumba viwili, yuko na singlendi, ndevu hazijanyolewa, redio imefunguliwa mbele yake wala hagusi skrubu yoyote.

"Umekuya kufanya nini?"

"Kukuonesha kitu."

"Niliambia watu wote ukweli, Malika. Na ni ule ukweli mulichukua kunifunga nayo."

"Nani alikuambia?"

"Hugues."

"Hugues hakukuwa ndani! Hakuna mutu alitaja ile carte. Papa Évariste alikutaka. Mimi ndiye nilikataa, na nitakuonesha juu ya nini. Kisha unifukuze."

Aliweka bodi mezani, akaiwasha. Walikaa robo saa, vipimo vikijiandika kwenye kioo kimoja baada ya kingine. Kuku alipita kati yao.

"Sasa toa waya," Malika alisema.

Idrissa akachomoa. Akarudisha. Kioo kilikuwa kitupu.

Alitazama, akasogea karibu, akatazama tena. Mabega yake yakashuka. "Ya Colette?"

"Ilipoteza moja. Ya mwisho."

Alifikiri kidogo. "Anaandika pahali pawili, moja kisha ingine. Ikikatika huku, kule inabaki."

"Ndiyo."

"Aliwaza muzuri, yule mama." Na polepole tabasamu likamjia, tabasamu la mtu aliyeona kitu kizuri, hata kama si chake. "Aliwaza muzuri kabisa. Hii sikuijua."

Hapo Malika, aliyekuwa amejikaza siku zote zile, akalia. "Nilirudilia mara ine, Idrissa! Mara ine, nikiomba Mungu ishike! Lakini ningeandika jina yako, chanjo ya mutoto wa mutu ingeharibika kule, na mimi niko najua."

"Na haukuniambia."

"Haukushika simu!"

"Bon. Ile ni kosa yangu." Akamfuta machozi kwa kiganja kilichonuka risasi. "Usilie, chérie. Sasa ninasema na weye, si na carte."

Malika akacheka ndani ya kilio.

"Nilikuwa naogopa," Idrissa aliendelea. "Nikipata ile kazi utakuwa mukubwa wangu, na nitaanza namna gani kukuomba? Sasa hauko mukubwa wangu. Niko na meza moja ku soko na hii nyumba unaiona. Malika, utanikubali?"

"Sikuomba CV," alisema. "Tuma watu kwetu."

Jumapili wakaja: Idrissa amevaa kanzu nyeupe iliyoazimwa, fupi kidogo miguuni, na mjomba wake, tonton Juma, aliyemsemea. Sebule ya papa Moussa, baba yake Malika, ilijaa shangazi na harufu ya pilau. Maneno ya adabu yalipokwisha, papa Moussa, mshonaji wa siku nyingi, akamgeukia kijana mwenyewe.

"Kazi gani unafanya, mwanangu?"

"Ninatengeneza masimu ku soko, papa. Niliomba kazi ya ofisi, wakanikatalia."

"Nani alikukatalia?"

Idrissa akatazama miguu yake. "Ni binti yenu, papa."

Shangazi mmoja akaweka chini sahani ya pilau. Tonton Juma akajifunika uso kwa kofia. Papa Moussa akamwita Malika kutoka nyuma ya pazia. Akatoka, liputa la zambarau kiunoni, hina mikononi, macho chini.

"Ni kweli? Huyu ulimukatalia kazi, na sasa unamukubali kwa ndoa?"

Malika akainua uso, akamtazama Idrissa mbele ya watu wote.

"Ndiyo, papa. Ile kazi ilikuwa ya Colette. Huyu ni wangu."