Jumamosi ya Wageni wa Nyawira

Wazazi wenzangu wa Uthiru, hebu tusikizane kidogo. Nyumbani kwa Ndegwa kulikuwa na amani: chai ya maziwa asubuhi, mkewe Rachael akiimba nyimbo za kanisa, binti yao Nyawira akimtania babake. Ndegwa alifanya kazi katika ofisi ya ligi ya soka, mjini. Yeye ndiye aliyepanga ratiba. Lo, kazi hiyo! Akisema timu fulani zikutane Jumamosi, maelfu ya watu wanafurika uwanjani. Yeye husimama pale wachezaji wanapotokea, kelele zikimtetemesha mifupa, na kila mara machozi humlenga. Hakuwahi kuizoea.

Basi Nyawira akapata mchumba. Wakwe wakatuma habari: wangekuja Jumamosi kuzungumzia mahari.

"Baba Nyawira, siku hiyo usiende kazi," Rachael alimsihi.

"Mama Nyawira, hiyo ni derby, watani wa jadi wanakutana! Nchi nzima itakuwa pale."

"Si ni wewe unapanga? Ama umwachie Odhiambo wa ofisini."

Odhiambo mwenyewe alikuwa amejitolea, lakini Ndegwa akakataa katakata. Mnaona jamani? Hakuna aliyemlazimisha. "Nitatoka mapema," akaahidi.

Uwanja ulijaa pomoni. Bao la ushindi lilipoingia, watu walilipuka kwa shangwe hata ardhi ikatikisika, na Ndegwa, mikono kichwani, akasahau kabisa kwamba ana binti. Rachael alipiga simu mpaka akachoka. Wakwe wakangoja na kungoja. Mwishowe Kiragu, mdogo wake Ndegwa, akaketishwa mahali pa baba, akajibu yote anayoulizwa baba.

Ndegwa alifika wageni wakiaga. Mzee wa upande ule alikuwa amemshika Kiragu mkono.

"Asante sana, baba. Mmetulelea msichana mzuri." Kisha akamgeukia Ndegwa. "Na wewe ni nani hapa?"

Ndegwa akamtazama Nyawira, amtambulishe. Msichana akainamisha kichwa.

"Huyu ni wa mpira," akasema, akaingia ndani.

Mpaka leo wakwe wale wakiwa na jambo, wanampigia Kiragu.

FUNZO

Ndugu zangu, kazi inaweza kuwa ya ajabu kweli, na si dhambi kuistaajabia. Lakini uwanja utajaa hata usipokuwepo. Kwako nyumbani, siku ya mtoto wako, usipoketi mahali pako ataketishwa mwingine, na hutamwinua tena.