Ratili Thelathini na Tano

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaachia migomba, Penina alikisukuma kiti chake cha magurudumu hadi kwenye uchanja wa kahawa na kuanza kuchambua. Mbovu alizitupa kando, nzuri aliziacha zikauke. Miguu yake ilipooza alipokuwa na miaka sita, baada ya homa ya siku tatu tu. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na kwa kuzungusha magurudumu kutwa, mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya kaka zake.

Wiki ile hakuchambua vizuri. Barua ilikuwa imefika kutoka misheni: daktari wa Nairobi amekubali kumpasua miguu, na ndege ndogo itamchukua Ijumaa kwenye kiwanja cha Arusha. Majirani walikuja kumtakia heri, lakini hapakukosa wa kuitaja ile ndege iliyougonga Mlima Meru miaka miwili nyuma. Warina asali walisema vipande vyake bado vinang'aa huko juu msituni.

"Mungu atakulinda," walimalizia, kwa sauti ya watu wasio na hakika.

Penina aliyasikia yote hayo, lakini hofu yake ilikuwa nyingine. Alihofia kiti chake kisije kikaachwa. Kabla misheni haijampa kiti, alitambaa mavumbini pamoja na kuku, au alibebwa mgongoni kama mkungu wa ndizi. Nairobi angekaa miezi mitatu. Bila kiti, nani angembeba huko?

Jumatano baba yake, Mzee Sadoki, alimpeleka Ngarenaro kwa fundi Melkizedeki ili kiti kiandaliwe kama rubani alivyoagiza katika barua yake iliyokuja pamoja na ile ya misheni. Fundi alivifungua vikanyagio, akavifunga juu ya kiti kwa ukanda wa ngozi. Akagongelea kibati chenye jina la Penina. Kisha akafungua vali za matairi na kutoa upepo nusu.

"Huko juu hewa ni nyepesi," alieleza. "Tairi lililojaa linaweza kupasuka."

Agizo la mwisho katika barua lilikuwa fupi: "Mpime mgonjwa pamoja na kiti chake. Niandikieni uzito bila kukosea." Mizani kubwa ya karibu ilikuwa kwenye ghala la kahawa la chama cha ushirika, nao wakapitia huko wakirudi nyumbani.

Karani wa mizani, Philemoni, alikuwa na macho makali. Alilazimika kuwa nayo, maana baadhi ya wakulima walikuwa na mchezo wao: gunia likipimwa, mtu hukanyaga ukingo wa mizani kwa ncha ya kidole, na kahawa huongezeka bila mvua wala mbolea. Kwa hiyo Philemoni alipima akiwa ameinama, akitazama miguu ya watu.

"Shikamoo, karani," Penina alisalimia.

"Marahaba, binti yangu. Nasikia unakwenda kuruka na ndege! Angalia, ukizidi ratili mia moja na ishirini, kiti kinabaki hapa, nikikalie mimi."

Watu wote ghalani wakacheka. Penina hakucheka. Ulimi hauna mfupa, na utani wa karani ulimwingia mwilini kama baridi.

Walimpandisha kwenye mizani, kiti na yeye. Nyuma yake ilining'inia kamba nene ya kuvutia magunia. Philemoni alifukuza watu, akainama kama kawaida yake kuhakikisha hakuna mguu wa mtu unaogusa ukingo. Miguu ya Penina hakuiangalia. Ya nini, nayo haikanyagi? Penina alipitisha mkono nyuma chini ya shuka lake, akaishika kamba na kujivuta juu, taratibu, mpaka bega likatetemeka.

"Mia moja na kumi na mbili!" Philemoni alisoma, akaandika.

Penina aliachia kamba. Alijiambia kwamba hakumwibia mtu hata punje moja.

Ijumaa jua lilichoma tangu asubuhi. Walipofika kiwanjani ilikuwa karibu saa sita, na mlimani mawingu meusi yalikuwa yameanza kushuka. Ndege ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Sista Ruth, muuguzi wa misheni ambaye angesafiri naye, alikuwa ameshaketi ndani, midomo ikinong'ona sala.

Vibarua wawili walikinyanyua kiti.

"Loo! Kizito hiki!" mmoja alilalama.

Rubani, Mzungu mwembamba, aligeuka. Akaitazama karatasi aliyokuwa akipigia hesabu kwa penseli, kisha akamtazama Sadoki.

"Mzee, namba hii ni ya kweli?"

"Ni kweli, Bwana. Karani alipima mbele ya macho yangu. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kukudanganya."

Rubani alionyesha miti iliyosimama mwisho wa kiwanja. "Leo kuna joto sana, na ndege hupanda kwa shida penye joto. Kwa uzito huu tutaipita ile miti. Ukizidi, hatupiti."

Penina alibebwa na kufungwa mkanda. Mlango ulifungwa. Injini ilinguruma mpaka meno yake yakagongana, na ndege ikaanza kujongea kwenye majani. Kupitia dirishani alimwona baba yake amevua kofia, ameishika kifuani kama watu wafanyavyo makaburini. Miti ile ilionekana mirefu mno. Sista Ruth alimshika mkono, na mkono wa Sista ulikuwa wa baridi.

"Simama!" Penina alipiga kelele. "Nimedanganya! Simama!"

Ndege ilisimama. Injini ilipozimwa, Penina alieleza yote, kuhusu kamba, shuka na mkono wake, huku machozi yakimtiririka. Rubani aliwateremsha, akaleta mizani ya mizigo kutoka kibandani, wakapimwa upya: ratili mia moja na arobaini na saba.

"Thelathini na tano zaidi," rubani alisema polepole. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kwa nini, mtoto?"

"Niliogopa mtakiacha kiti changu, Bwana."

"Nani alisema nitakiacha? Sikuuliza uzito ili nikunyime kiti. Niliuliza ili nijue nipunguze nini. Nina sanduku la vipuri, nina petroli ya ziada. Ungeniambia ukweli, ningevipunguza na kiti kingepanda."

Mzee Sadoki aliinamisha kichwa. Hilo lilimuuma Penina kuliko kiboko.

"Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini nimemwapia mtu kwa jina la uzee wangu kanisani, na nusura niwazike ninyi watatu kwa kiapo hicho."

Safari iliahirishwa hadi asubuhi ya pili, wakati wa ubaridi. Sanduku la vipuri liliachwa na petroli ikapunguzwa. Ndege ilikimbia, ikatetemeka, ikainuka. Miti ikawajia, ikapita chini yao karibu kiasi kwamba Penina aliona kiota cha kunguru na makinda yake yameachama midomo. Alifumba macho. Alipoyafumbua, chini kulikuwa na mashamba tu, na nyuma yake kiti chake kilikuwa kimefungwa barabara kwa kamba.

Sista Ruth alipumua kwa nguvu, akamgeukia.

"Umeiona miti ile ilivyokuwa karibu, hata leo?"

"Nimeiona, Sista."

"Basi ukumbuke, mwanangu. Ukiwa na hofu, iseme kwa mkubwa, atatafuta njia. Ukiificha kwa uongo, wote waliopanda nawe wanaubeba uongo huo, nao hawajui."