Moshi wa Saa Kumi na Moja

Wapendanao wawili wanapojenga kitu pamoja, na mmoja akaona kasoro katika kazi ya mwenzake, aiseme lini? Papo hapo, wakati mwenzake bado anaitazama kazi hiyo kwa fahari? Au asubiri mpaka awe na hakika, hata kama hakika yenyewe itakuja mbele ya watu? Swali hili bado sina jibu lake. Ninachoweza ni kusimulia yaliyowapata Munyiva na Kiama, nayo yalianza kwenye foleni ya simu, katika posta ya Machakos, siku ya soko mwanzoni mwa mwaka 1998.

Siku hizo simu ya mkononi ilikuwa mali ya matajiri wa Nairobi. Sisi wengine tulipanga foleni, sarafu zikipata joto viganjani. Mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimeacha matope hadi kwenye ngazi za posta, na soko la Marikiti lilikuwa limemwaga watu wake kote mjini. Ndani ya kibanda cha simu alisimama kijana mrefu mwenye shati la mistari lililopigwa pasi vizuri na viatu vilivyogandwa na saruji. Alikuwa akipiga kelele.

"Kabati! Hapana, si la vyombo! Si la nguo pia! Ni la maabara, lina kioo mbele, linanyonya mvuke wa asidi na kuutoa nje kwa bomba. Linanyonya! Haloo?"

Foleni iliangua kicheko.

"Kijana, oa kwanza, kabati utanunua baadaye!" alisema mama mmoja mwenye kiondo cha machungwa.

Nyuma yake alikuwapo msichana aliyevaa sketi ya marinda ya rangi ya samawati na sweta nyeupe. Aliinama kidogo kuelekea kibandani.

"Mwambie kabati la mvuke," alisema kwa upole. "Ataelewa."

Kijana akarudia neno hilo simuni, akasikiliza, kisha uso wake ukafunguka. "Ameelewa!" Aliweka mkono wa simu chini, akageuka. "Na wewe ni nani, unayeokoa watu kwenye simu?"

"Munyiva. Na hilo kabati unalolipigia kelele ni langu."

Hakuwa akitania. Munyiva alikuwa fundi sanifu wa maabara katika kituo cha utafiti wa mbegu pembezoni mwa mji, na mkuu wake, Daktari Ndeti, alikuwa amemteua kuwasemea watafiti wakati maabara mpya ikijengwa. Kiama naye alikuwa ameletwa na mkandarasi kusimamia mifumo ya hewa ya jengo hilo hilo. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu wenye duka kule Yatta, na alikulia katika uwanda ule mpana ambako macho hayakutani na kizuizi.

Ugumu wa jengo lile haukuwa mawe wala saruji. Ulikuwa maneno. Watafiti walieleza haja zao kwa Kiingereza cha vitabuni, mafundi wakaitikia kwa vichwa, kisha wakajenga walichokizoea. Mlango wa kuingilia maabara ulipaswa kutanguliwa na chumba kidogo chenye milango miwili, wa pili usifunguliwe kabla ya wa kwanza kufungwa, ili vumbi la nje lisizifikie mbegu za majaribio. Fundi mkuu, Nzuki, alijenga mlango mmoja tu, mpana. "Nimewapunguzia taabu," alieleza kwa moyo mweupe kabisa. Ukuta ukabomolewa.

Ndipo Daktari Ndeti alipowaagiza Munyiva na Kiama watafute maneno ya Kiswahili ambayo kila fundi angeweza kuyashika. Kila jioni kazi ilipokwisha walisimama na chaki mbele ya ukuta usiopigwa plasta, wakaandika. Hewa ya kuingia. Hewa ya kutoka. Upande wa maji. Upande mkavu.

"Na hiki cha milango miwili?" aliuliza Kiama.

"Chumba cha kati."

"Hilo halina ladha. Mtu anaingia, anafunga, anangoja, ndipo anafungua wa pili. Tukiite chumba cha subira."

"Kumbe Injinia ni mshairi?"

"Mimi ni fundi wa hewa, Munyiva. Hewa haishikiki. Ndiyo maana nimejifunza kubembeleza."

Munyiva alicheka hadi chaki ikamponyoka. Kufikia mwisho wa wiki, Nzuki mwenyewe alisikika akiwafokea vijana wake, "Nani ameacha ndoo kwenye chumba cha subira?" na wawili wale wakatazamana kama wazazi waliosikia mtoto wao akitamka neno la kwanza.

Mapenzi yao yalikua ndani ya harufu ya chokaa mbichi. Walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, katika hoteli ndogo karibu na soko, wakarudi mjini wakitembea chini ya majakaranda, Kiama akiwa ameshika kofia yake ya manjano chini ya kwapa. Alimwita mwendwa. Neno hilo lilimaanisha mpenzi katika lugha ya kwao Munyiva na katika lugha ya kwao Kiama vilevile, na hakuna aliyelazimika kuliazima kwa mwenzake.

Mwanzoni mwa Julai, Kiama alimpandisha juu ya paa ili amwonyeshe kazi yake. Paa lilikuwa limenyooka na safi, na bomba la kutolea hewa chafu la kabati la mvuke lilifichwa nyuma ya ukuta mfupi uliozunguka kingo zake. Kutoka barabarani lisingeonekana hata kidogo. Upande wa mashariki kulikuwa na tundu la kuingizia hewa safi, kwa kuwa upepo wa nchi hiyo hutoka mashariki. Kule Yatta huvuma hivyo kutwa nzima na kuchukua kila moshi.

Munyiva alitazama bomba, kisha akainua macho kwenye vilima vya Iveti vilivyosimama karibu mno. Nyumbani kwao, chini ya vilima hivyo, majiko yote yalijengwa yakiwa na mlango upande wa mbali na mlima. Bibi zao walijua kwamba katika miezi ya baridi, jua likianza kushuka, upepo hugeuka na kuteremka.

Aliuona uso wa Kiama uking'aa kwa fahari, na maneno aliyokusudia kuyasema yakavaa nguo nyingine.

"Mbona bomba lako ni fupi hivi, Injinia? Kama shingo ya kobe."

"Ni bomba lenye adabu. Halijivuni."

"Kwetu moshi wa jioni hurudi nyumbani kama mbuzi."

"Basi mwambie mbuzi wako nimemfungia lango," alisema, akamvuta karibu, na Munyiva akaacha kusema.

Siku ya kujaribu mitambo, viti vilipangwa maabarani na wafadhili wakaja kutoka Nairobi. Munyiva alivaa gauni la kitenge lenye maua ya machungwa na koti jeupe juu yake. Ndiye angesema kwa niaba ya watafiti kama maabara inafaa, na bila neno lake Kiama asingeajiriwa kwa kudumu na mkandarasi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Munyiva aliwasha kidonge cha kutoa moshi wa majaribio ndani ya kabati. Moshi ulijikunja nyuma ya kioo, ukanyonywa, ukapotea. Watu walipiga makofi.

"Je, Munyiva, tumepokea?" aliuliza Daktari Ndeti.

Kiama alimtazama akitabasamu. Munyiva alitazama vilima vya Iveti dirishani.

"Daktari, naomba tujaribu tena saa kumi na moja jioni."

Manung'uniko yakaenea vitini. Hata hivyo walingoja, kwa chai na mandazi. Saa kumi na moja kidonge cha pili kiliwashwa. Moshi ulinyonywa kama ule wa kwanza. Kisha upepo ulishuka kutoka Iveti, ukaukandamiza nyuma ya ukuta wa paa, ukausukuma kwenye tundu la hewa safi, na baada ya muda mfupi moshi ulikuwa ukiteremka taratibu kutoka darini, ndani ya chumba ambamo watafiti wangekaa wakipumua asidi.

Kiama alimkuta Munyiva kando ya benchi wageni walipokwisha kutoka.

"Ulijua."

"Nilikuambia. Siku ile juu ya paa."

"Ulifanya mzaha! Ungenishika mkono ukasema, Kiama, bomba ni fupi, ningelirefusha siku ile ile. Umengoja hadi wafadhili wakae kwenye viti."

"Nilitumaini nimekosea."

"Basi tumekosea wote wawili."

Aliweka kofia ya manjano juu ya benchi, akatoka kupitia chumba cha subira, na akaacha milango yote miwili wazi.

Mkandarasi alimwondoa kwenye kazi. Maabara ikafungwa kwa kufuli. Munyiva alirudi kwenye foleni ya posta, safari hii na namba ya duka la Yatta.

"Haloo, kwa Wakiuru hapa," sauti ya mama ilijibu.

"Habari ya jioni, mama. Namtafuta Kiama."

"Wewe ndiye yule wa moshi?"

Munyiva alifumba macho. "Ndimi, mama."

"Hayuko. Yuko Lukenya, kwenye machimbo ya mawe. Siku hizi hali chakula vizuri." Wakiuru, mama yake Kiama, akashusha sauti. "Lakini akija nyumbani jina lako analitaja, akidhani simsikii."

Ujumbe wa Munyiva, kwamba Kiama ampigie simu, ulifika Lukenya, ila simu haikupigwa. Agosti ikapita na ukungu wake. Munyiva aliendelea na kazi katika maabara ya zamani, na mara nyingine alipitia kwenye jengo jipya na kuchungulia dirishani. Rangi ilikuwa imekwisha kupakwa juu ya ukuta wao wa chaki. Alijua mahali kila neno lilipolala.

Jioni moja mwanzoni mwa Septemba, simu ya ofisi ililia.

"Munyiva? Vumbi limerudi."

Alikaa kitini polepole. "Vumbi gani?"

"La machimbo. Mchana kutwa linakwenda magharibi, nami nalitazama nikisema, si unaona, upepo ni upepo. Jioni linateremka mlimani na kuingia hadi kwenye chai. Niko na kikombe hapa mkononi, nusu chai, nusu mchanga."

"Usiinywe."

"Nimeshaanza."

Munyiva alicheka, na kicheko kikakatika njiani kama uzi.

"Nisamehe, mwendwa," alisema Kiama. "Mbona siku ile ulinicheka tu?"

"Niliogopa kwamba nikisema wazi utakasirika na kuondoka."

"Nami nikaondoka."

"Ukaondoka."

Munyiva aliukaza mkono wa simu sikioni. Kisha akasema, "Rudi urefushe bomba, Kiama."

Alirudi. Haikuwa rahisi kumwendea mkandarasi, na ilikuwa vigumu zaidi kusimama mbele ya Daktari Ndeti na kusema, "Nilijenga kama niko Yatta." Bomba jipya lilipanda juu ya paa hadi likaonekana kutoka barabarani, na Nzuki akadai kwamba sasa jengo linafanana na kanisa. Siku ya jaribio la pili alikuwa Kiama mwenyewe aliyeomba wangoje saa kumi na moja. Upepo ulishuka. Moshi ulipanda juu ya ukuta wa paa, ukainama, ukapita juu ya mikaratusi, ukaenda zake.

"Tumepokea," alisema Munyiva, kwa sauti iliyosikika hadi kiti cha mwisho.

Walipokuwa wakitoka, Kiama alifunga mlango wa kwanza wa chumba cha subira na kusimama mbele ya wa pili.

"Nataka nikuoe. Mlango huu haufunguki mpaka unijibu."

"Unafunguka, Injinia. Ulijengwa na Nzuki."

"Munyiva, tafadhali."

Alimrekebishia ukosi wa shati, ule wa mistari, wa siku ya posta. "Njoo nyumbani na wazee."

Walikuja Desemba, chini ya vilima vya Iveti, na mbuzi wa ntheo, wale ambao wakishapokelewa, binti huhesabiwa mke. Wakiuru alivaa kitambaa kipya kichwani. Shangazi walikaa wakiwa wamekunja mikono, maana habari za kofia iliyoachwa juu ya benchi zilikuwa zimefika hadi kwao. Baba yake Munyiva, mzee Ndambuki, alimwita binti yake katikati ya ua.

"Munyiva, wageni wameleta mbuzi. Huyu kijana alikuacha, na watu wanajua. Sisi hatutakusukuma. Ukisema warudi nao, watarudi nao leo. Tuambie, na wote wasikie."

Munyiva alimtazama Kiama, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Akawatazama shangazi zake, kisha akamgeukia baba yake.

"Mbuzi wapokelewe, baba. Ninaolewa na Kiama. Maabara sitaiacha, na yeye anajua hivyo. Na nikiona kasoro katika kazi yake au katika nyumba yetu, nitamwambia siku hiyo hiyo, tukiwa wawili, na sitaisema kwa mzaha."