Siti Mbili za Mama Mkwe

"SHUKA!"

Jamani, sijawahi kusikia sauti ile kinywani mwa mume wangu.

"Shuka kwenye gari, Mama! Na huyo mti wako shuka naye!"

Wageni wanane wakageuka kutazama. Dereva wetu, Euloge, akazima injini.

Mama mkwe wangu alikuwa ameshakaa nyuma ya dereva, kavaa kitenge kipya. Kwenye siti ya pembeni yake alikuwa amemkalisha Sagbo, naye kavikwa kipande cha kitenge kilekile.

Kama wewe ni wa kwetu Abomey, hapo umeshashika mdomo. Kwa wengine... subirini niwaeleze.

Mume wangu Zinsou alizaliwa pacha. Mwenzake ni Sagbo, na Sagbo hakufika hata miaka mitano. Lakini kwetu pacha hafi. Tunasema amekwenda msituni kutafuta kuni. Anachongewa mwili mdogo wa mti, na mama yake anamwogesha, anamlisha, anamvika. Anachopewa mmoja, na mwenzake anapewa.

Sasa mtu mzima anamwita pacha wake mti? Mbele ya mama yao?

Na aliyempandisha mama kwenye gari lile... ni mimi.

Mimi na Zinsou tunatembeza wageni. Siku tatu tu: kasri za wafalme hapa Abomey, soko la Bohicon, tunashuka Allada, tunamalizia Ouidah baharini. Yeye ndiye anayeongea, maana mdomo anao. Mimi ndiye ninayepanga: nani alale wapi, nani hali pilipili, nani lazima akae dirishani la sivyo atatapika.

Na kila nikikaa uani na simu yangu napanga, mama mkwe anavuta kigoda.

"Afiavi, safari hii mnapita wapi?"

"Kama kawaida, Mama. Mpaka Ouidah."

"Kule baharini?"

"Kulekule."

Anamfuta Sagbo uso kwa ncha ya kitenge. Halafu...

"Sagbo anasema angependa kuiona bahari."

Zinsou akisikia tu, anajibu kutoka ndani.

"Gari limejaa!"

"Sagbo hachukui nafasi kubwa."

"Mama, limejaa!"

Miaka yote niliyoolewa pale ni wimbo huohuo. Gari limejaa. Gari limejaa. Mwisho nikachoka. Safari ile nikatafuta wageni wanane badala ya kumi, siti mbili nikazinyamazia.

Mnauliza kwa nini mbili? Mlitaka Sagbo apakatwe wakati pacha wake ana siti yake?

Haya, turudi kwenye lile varangati.

"Afiavi, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Unanidhalilisha mbele ya wageni!"

"Wageni gani? Si haohao unaowazungusha kuona mila zetu? Mila yenyewe si hii hapa, imekaa nyuma ya dereva!"

Euloge akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Nilidhani Zinsou atanirukia. Wapi! Alikuja karibu yangu, sauti ikashuka mpaka nikamwonea huruma.

"Wewe hukukua naye, Afi. Mimi nikipewa shati, na yeye shati. Nikiugua, anafunikwa yeye kwanza. Unajua nilichokuwa nakitaka? Siku moja tu... siku moja mama yangu anishike mimi peke yangu."

Nikanyoosha mkono nimshike, akarudi nyuma.

Mama alikuwa amesikia yote. Hakushuka. Alimnyanyua Sagbo, akampakata, akaipigapiga ile siti iliyobaki wazi.

"Njoo ukae, mwanangu. Nafasi ipo."

"Kaeni nyie."

Zinsou akasimamisha pikipiki, akapanda, akaondoka bila kugeuka.

Basi safari nikaiongoza mwenyewe. Kule kwenye kasri nilichanganya majina ya wafalme wawili, wageni wakapiga makofi hivyohivyo. Mama hakushuka kuziona, alisema wafalme anawajua. Kila pikipiki iliyotufuata nyuma alijipinda kuiangalia. Allada alinunua mananasi mawili, moja lake na Sagbo, jingine akaliweka kwenye ile siti.

"La Zinsou," alisema. "Labda atatukuta mbele."

Hakutukuta.

Ouidah, nikamshika mkono tukashuka mchangani. Mawimbi ya kule yanapiga kelele kama watu wanaogombana. Mama akasimama. Akavua ndala. Kisha akanipa Sagbo.

"Mshike shemeji yako."

Akaingia majini mwenyewe!

Wimbi likamlowanisha mpaka magotini, akapiga ukelele kama msichana, akacheka, akarudi nyuma, akaingia tena. Sijawahi kumwona mama yule akicheka vile. Mimi nimesimama na shemeji yangu mikononi, sielewi kitu.

"Mama! Na Sagbo je? Si ndiye alitaka kuiona?"

Aligeuka. Chumvi imemjaa usoni.

"Sagbo alishaiona."

"Nini?"

"Baba yao aliwaleta hapa wote wawili, wakiwa wadogo. Zinsou hawezi kukumbuka. Sagbo alirudi na mchanga mfukoni, nikaukuta nikifua. Mwaka uleule akaenda zake kutafuta kuni."

"Na wewe?"

"Mimi niliachwa nyumbani nipike."

Jamani...

"Sasa Mama, si ungesema tu kwamba unataka wewe?"

Alinitazama kama nimemuuliza kitu kigumu kweli.

"Mimi ni mama wa mapacha, Afiavi. Tangu niwazae sijaomba kitu cha kwangu. Ningeanzaje?"

Nililia palepale, wageni wananiangalia. Yeye akanishika kidevu kwa mkono wenye maji.

"Usimwambie mume wako. Atajiona mbaya."

Nikaahidi.

Tuliporudi, Zinsou alimsalimia mama yake kwa adabu, akala maharage aliyompikia, lakini neno la kuomba msamaha hakulitoa. Alikuwa anasubiri hasira ipoe, aongee naye vizuri. Baridi ya harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, ikaingia. Asubuhi moja nikampelekea mama uji, nikamkuta amelala na Sagbo kifuani, hakuamka tena.

Zinsou alilia mpaka akapoteza sauti. Kisha akamchukua Sagbo, akamwogesha mwenyewe, akamvika.

Tangu siku hiyo Sagbo ana siti yake katika kila safari. Wageni wakiuliza, mume wangu anawaambia bila aibu, "Huyu ni kaka yangu." Tukifika Ouidah anamsimamisha mchangani, anamgeuzia uso majini.

"Haya, kaka. Tazama. Si uliomba? Nisamehe nilichelewa."

Mimi huwa nageukia kwenye gari nijifanye nahesabu vyombo.

Sagbo alishaiona bahari. Aliyekuwa anaomba miaka yote hakuwa yeye. Zinsou alimwonea wivu mti, kumbe mama alikuwa amejificha nyuma yake, na laiti angesema "mimi nataka", mume wangu angembeba mgongoni mpaka Ouidah. Sijui kama nivunje ahadi ya marehemu au nimwache mume wangu aendelee kumwomba radhi asiyemdai.

Nyie wenye mama zenu, nawaomba. Akikwambia "wajukuu wangependa...", akikwambia "baba yako alikuwa anapenda sana...", usikimbilie kujibu gari limejaa. Kaa naye. Muulize, "Na wewe, Mama?"

Mimi kila safari bado naacha siti mbili. Moja ni ya Sagbo. Nyingine ni ya yule aliyeshindwa kuiomba.