Chupa ya Mwosha Maiti

Haya niliyaona kwa macho yangu, wallahi, na Mtopanga nzima hakuna mwenye macho kama mimi.

Jioni hiyo Mwanasaumu, mwosha maiti wetu, alikuwa akienda kumwosha Bi Mishi, azikwe kabla ya magharibi. Njiani akasimamishwa na mwanamke wa buibui asiyemjua. Ananukia udi… na chini ya udi, nyama iliyolala.

"Niletee chupa moja ya maji atakayooshewa," alinong'ona. "Kibanda cha Kaingu, pale soko la Kongowea, kitakuwa chako."

Mwanasaumu huuza ndimu chini, juani, mguu umemvimba, na askari wa kaunti hawamwachi akapumua. Alijua maji yale ni ya kazi gani: ya kulogea watu. Alijua Mungu amekataza.

Akasema, "Haya."

Maji ya maiti huingia kwenye mfuo, shimo linalochimbwa chini ya kitanda, kisha hufukiwa. Mwanasaumu akaikinga chupa pale. Ikajaa. Mara mkono wa Bi Mishi ukateleza… ukamkamata kifundo.

Baridi.

"Astaghfirullahi!" Akaimwaga yote mfuoni.

"Shangazi," akanong'ona Jalila, binti wa marehemu, "mbona imejaa tena?"

Akamwaga. Ikajaa. Akaifukia humo humo.

Alipofika kwake, chupa ilikuwa mlangoni. Imejaa. Shingoni imefungwa ufunguo wa kibanda.

Asubuhi Kaingu akakutwa kibandani, macho wazi, ulimi umekufa.

"Bi mkubwa, ingia wewe," wenzake sokoni wakamwambia. "Mwenyewe hawezi tena."

Mwanasaumu akakataa. Ufunguo akautupa chooni, akatandika gunia lake juani vile vile.

Lakini kila jua likizama… ngo, ngo, ngo.

Chupa.

"Nimekataa!" hulia Mwanasaumu ndani. "Nimemrudia Mola wangu!"

"Ulishasema 'Haya'," hujibiwa polepole, nje.

Maimamu wawili wamesoma, wamechoka. Wanaume wa mtaa huu huipita mbio. Mimi nimeishika. Ina joto, kama iliyotoka kwapani mwa mtu.

Basi, nikiri moja. Ule mkono wa maiti nimeutia mimi katika kisa hiki. Chumba wanachooshewa wanawake mimi nitaingiaje? Jalila anasema marehemu hakumshika mtu. Mwanasaumu alimwaga mwenyewe, kwa kumcha Mungu tu.

Ndiyo maana silali. Kama alimwaga kwa kumcha Mungu… mbona inajaa?