Mwizi Aliyesafisha Kamera

Kamera ya video ilikuwa juu ya meza ya fundi, ubavu wazi. Kaseti haikuwamo. Kufuli la mlango lilikuwa limevunjwa, lakini redio, simu na saa za wateja zote zilikuwa mahali pake.

Inspekta alikizunguka kibanda taratibu, mikono nyuma. Kesi ndogo kama hii angeweza kumtupia koplo. Lakini mwizi anayeacha kamera akabeba kaseti kuukuu? Huyo alitaka kumjua.

Mwenye kamera, mjane, alikuwa amekaa kwenye stuli, macho mekundu. Kaseti ile ndiyo pekee iliyokuwa na sauti ya marehemu mumewe, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki mtoto wao akiwa anatambaa. Sasa mtoto ameanza shule, na kila mara anauliza baba alikuwa anaongeaje. Mama alipotaka kumwonyesha, kamera iling'ata utepe ikagoma. Ndipo akamletea kamera shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kila kitu chenye skrubu.

Fundi alieleza kwamba jana alifunga kibanda kaseti ikiwa bado imekwama. Asubuhi akakuta hivi.

"Ulikuwa hujaigusa?"

"Sijaigusa, afande."

"Hebu nionyeshe inavyotolewa."

Mapenzi ya kazi yalimponza. Fundi alishika bisibisi, woga ukamtoka, akaanza kusomesha. Kuna gia ndogo ya plastiki kando ya mota. Unaizungusha kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka utepe uachie ile ngoma inayousoma. Kisha unaurudisha utepe uliolegea kwenye gurudumu lake, ndipo kibebeo kinapoinuka na kaseti inatoka.

"Na mtu mwenye papara?"

"Atavuta tu. Utepe utakatika, vipande vibaki humu ndani."

Inspekta aliwasha tochi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kamera. Hakuona hata kipande. Tena ngoma ilikuwa inang'aa, na pale mezani, ndani ya kifuniko cha chupa, skrubu zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Kando yake palikuwa na kijiti cha pamba, cheusi nchani, kinanuka spiriti.

"Nimekamata wezi wengi," alisema. "Sijawahi kumwona anayevunja kufuli, akafanya matengenezo, akasafisha na ngoma ya kamera kabla hajaondoka."

Kijasho chembamba kilimtoka fundi juu ya mdomo. Inspekta hakumkaripia, maana udadisi wake ulikuwa mkubwa kuliko hasira. Alimwuliza kaseti iko wapi, basi. Fundi alifungua mgongo wa redio mbovu iliyokuwa rafuni, akaitoa ikiwa nzima.

"Kwa nini hukuichoma moto?"

"Sauti ya kaka imo humu."

"Basi kwa nini uliificha?"

"Na yangu imo."

Hapo jipu likapasuka. Baada ya kuikwamua kaseti, aliicheza kuijaribu. Kaka yake alikuwa amempakata mtoto, anacheka, anamfundisha kusema baba. Pembeni, nje ya picha, ikasikika sauti ya fundi mwenyewe akigongagonga pikipiki: kaka, breki nimeshazitengeneza, ziko sawa, nenda tu. Ilikuwa asubuhi ya ajali, na breki ndizo zilizokataa. Msibani aliwaambia watu wote kwamba pikipiki ile hakuigusa kabisa, na tangu hapo ameishi na uongo huo. Kufuli alilivunja mwenyewe.

"Nisingeweza kukuacha usikie, shemeji," alisema, macho sakafuni.

Mjane aliichukua kaseti, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Unadhani picha hizi alizipiga nani?"

Fundi aliinua macho.

"Kamera niliishika mimi. Nilikusikia asubuhi ile. Na msibani nilikusikia pia."

"Nilidhani kelele za mtoto zilikuzuia kusikia..."

"Nilisikia kila neno. Miaka yote hii nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Fundi alifunika uso, akalia bila kujizuia. Inspekta alizima tochi na kugeukia mlango. Wizi haukuwapo tena, na kwa lile jingine hakuona la kuandika.

Mjane aliirudisha kaseti ndani ya kamera, akaisogeza mbele ya shemeji yake pamoja na kile kifuniko cha skrubu.

"Funga, twende nyumbani," alisema. "Mtoto anakaribia kutoka shule, na atauliza ile sauti nyingine ni ya nani. Utamjibu wewe."